Mnaoandika programu kwa mapenzi tu hapa Mwanza: mko mtandao gani, na waliohama walikimbia nini?

Mwana_Mwaloni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi majokofu, kijiwe changu kiko Kirumba, hatua chache kutoka Mwaloni. Programu naziandika usiku nikishafunga kazi. Hakuna anayenilipa na sitafuti ajira ya kompyuta. Naandika kwa sababu napenda, kama jirani yangu anavyopenda bao. Naamini tuko wengi wa namna hii kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, ila hatuonani. Swali langu ni hili: ukikwama saa tano usiku, unamuuliza nani, na unamuulizia wapi? Na kama kuna mtandao wa kijamii ulioukimbia, nini kilikukimbiza?

Naanza mwenyewe.

Mama yangu mdogo ananunua dagaa Mwaloni anawapeleka Tabora. Aliyeifanya kazi hiyo anajua kwamba dagaa ni wa giza. Mwezi ukipevuka mitumbwi inalala, maana taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya dagaa wakati ziwa zima limemulikwa. Kwa hiyo ukijua giza la mwezi ujao linaanza lini, unajua lini utafute hela na lini utafute gari. Yeye alikuwa anahesabu kwa kalenda ya ukutani na peni. Nikamwambia, mama, nitakuandikia kaprogramu, utakuwa unaona kwenye simu giza la miezi sita mbele.

Hesabu yake kwa juu juu ni nyepesi. Unachukua saa moja inayojulikana ambayo mwezi ulikuwa gizani kabisa, mfano Januari 6, 2000, saa 18:14 za Greenwich. Unahesabu siku zilizopita tangu hapo, unagawa kwa 29.53058867, kinachobaki unakigeuza kuwa umri wa mwezi. Ilinichukua mistari kumi na miwili ya lugha ya Python. Ikafanya kazi, ila baadhi ya miezi ilikuwa inakosea siku nzima, na kwenye dagaa siku moja ni hela ya mtu.

Nikaanza kuuliza. Kwanza grupu moja la WhatsApp la madevelopa, watu zaidi ya mia sita. Wengi walinijibu nitumie huduma ya mtandaoni inayotoa tarehe za mwezi zikiwa tayari. Sikuitaka hiyo, kwa sababu mama mdogo akiwa njiani mara nyingi hana bando, na kwa sababu nilitaka kuelewa. Siku ya tatu jamaa mmoja akatuma sauti ya dakika nne. Ilikuwa dhahabu. Nilisikiliza mwanzo tu, nikashika kwamba nahesabu kwa saa za Greenwich halafu nasoma tarehe kana kwamba ni za kwetu, wakati sisi tuko mbele saa tatu. Mwezi ukiingia gizani saa 22:30 za kule, kwetu ni saa saba na nusu usiku, tarehe imeshageuka. Nikasema sehemu iliyobaki nitaisikiliza kesho nikiwa na daftari. Kesho yake nikiwa Kamanga nasubiri kivuko, simu ikaniteleza mkononi ikaenda majini. Sikuwa nimeweka nakala popote. Nilipowasha laini kwenye simu nyingine, grupu lilikuwepo, maneno hayakuwepo. Nikaomba mwenye ile sauti airudie. Alishajitoa, na katika watu mia sita hakuna aliyekuwa ameitunza.

Nikaenda mtandao mwingine mkubwa, jina siutaji. Nikaweka picha ya skrini yenye ile mistari kumi na miwili, nikaomba msaada. Mtu mmoja mwenye wafuasi wengi akaichukua picha yangu akaisambaza kwa watu wake, akiandika kwamba hivi ndivyo programu isivyotakiwa kuandikwa. Laiki zilifika mia tatu na kitu. Katika hao mia tatu hakuna hata mmoja aliyesema kosa liko mstari wa ngapi. Wiki mbili sikufungua kompyuta.

Sehemu ya pili ya jibu niliipata nisikotegemea: kumbukumbu za Usenet, ile mijadala ya maandishi ya zamani mtandaoni, kundi la sci.astro la elimu ya anga, ujumbe wa miaka ya tisini. Aliyeandika alikuwa anamjibu mtu mwingine kabisa. Alieleza kwamba ile 29.53 ni wastani tu. Njia ya mwezi si duara, imevutika kama yai. Ukiwa karibu na dunia mwezi unakwenda mbio, ukiwa mbali unajivuta, kwa hiyo wastani unaweza kupishana na ukweli kwa zaidi ya saa 12. Lazima uongeze masahihisho, na aliyaweka yote, namba kwa namba. Niliyanakili hadi saa nane usiku. Tarehe zikakaa.

Sasa hapo ndipo pananiuma. Ujumbe wa zaidi ya miaka 25 nimeupata nikiwa Kirumba kwa bando la jero, na sauti ya juzi, iliyotumwa na kijana wa hapa hapa nchini, haipo tena duniani. Tangu siku hiyo nilijitoa karibu kote. WhatsApp nimebakiza ya familia na wateja. Msimbo wangu, yaani ile mistari ya programu, nauhifadhi Codeberg, na kwenye mtandao wa kijamii wa Mastodon naingia mara moja kwa wiki. Nataka kujua wenzangu mnafanyaje.

Pasiansi77

Mkuu nimesoma yote. Mimi niko GitHub, kule watu wanakohifadhi misimbo ya programu zao, na YouTube, basi. Facebook nilitoka zamani, kila ukifungua ni mtu anauza kozi ya kuwa tajiri kwa kompyuta. GitHub siihesabu kuwa mtandao wa kijamii, ile ni stoo.

Mwana_Mwaloni (mleta mada)

Pasiansi77, nakupinga kidogo hapo. GitHub ina wafuasi, ina nyota, ina ukurasa wa mbele unaokuonyesha nani kafanya nini, na ina vile viboksi vya kijani vinavyohesabu umefanya kazi siku ngapi. Ni mtandao wa kijamii uliovaa ovaroli. Ilianza 2008, na mwaka 2018 Microsoft waliinunua kwa dola bilioni 7.5, hizo hazikuwa hela za stoo, walinunua watu waliokusanyika pale. Sina ugomvi nayo, ni chombo kizuri. Mimi viboksi vya kijani vilianza kuniendesha. Kuna usiku nilibadilisha nukta moja kwenye maelezo ili tu kiboksi cha siku kiwake. Nikajiuliza, namwandikia nani hii?

Codeberg ni ya chama kisicho cha biashara, kiko Berlin, kinaishi kwa michango. Kuna watu walihamia huko kwa sababu nyingine pia: msimbo wao wa wazi ulitumika kufundishia akili bandia bila wao kuulizwa. Juni 2022 shirika la Software Freedom Conservancy liliwataka watu waache GitHub kwa sababu hiyo. Mimi nilihama kwa ajili ya viboksi.

Kijana_Malimbe

Kaka zangu shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Malimbe. Nasoma sana, ila sijawahi kuuliza popote. Kweli kabisa, sijawahi. Niliwahi kuandika swali kwenye mtandao mmoja wa maswali na majibu, likafungwa ndani ya dakika chache wakisema limeshaulizwa. Nilienda kwenye hilo walilonielekeza, halikufanana na langu. Niliona aibu kama nimefukuzwa darasani.

Siku hizi nauliza akili bandia. Haikucheki, haichoki, na inajua Kiswahili kiasi. Lakini mara mbili imenitajia maktaba ya programu, yaani msimbo wa kuazima ulioandikwa tayari, ambayo haipo, nimeitafuta nusu siku. Discord, mtandao wa makundi ya mazungumzo, nipo kwenye seva tatu, yaani makundi matatu, nasoma tu. Sijui kama hiyo inahesabika kuwa nipo.

Mzee_Makongoro

Marahaba kijana. Unahesabika. Wengi wetu tulisoma miaka kabla ya kufungua mdomo.

Naomba niseme kitu kwa sababu nimeishi na mambo haya muda mrefu. Nilianza kuprogramu kwenye kompyuta ya ofisi moja hapa mjini iliyokuwa imefunikwa kitambaa, tukiruhusiwa Jumamosi tu. Sikuwa na intaneti. Nilipoipata, nilianza na barua pepe za orodha na IRC, mfumo wa kuchati kwenye mtandao, na mpaka leo nipo IRC.

IRC aliiandika Jarkko Oikarinen, Mfini, mji wa Oulu, mwaka 1988. Ni maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna laiki, hakuna anayehesabu wafuasi. Jioni nzima ya mazungumzo haili bando hata la video moja fupi. Lakini uzuri wake mkubwa si bando. Mwaka 2021, mwezi wa Mei, mtandao mkubwa wa IRC uliokuwa ukitumiwa na watu wa programu huria, Freenode, uliingia kwenye mvutano wa umiliki. Waliokuwa wakiuendesha kwa kujitolea wakatoka kwa pamoja wakafungua Libera.Chat, na miradi mingi ikawafuata ndani ya siku chache. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu IRC si duka la mtu, ni namna ya kuongea. Mimi nilibadilisha jina la seva kwenye mpangilio, nikakuta watu wale wale, majina yale yale, kana kwamba tumehama baraza moja kwenda nyingine na vikombe vyetu mkononi.

Mleta mada yuko Mastodon. Ni wazo hilo hilo. Eugen Rochko aliianzisha Ujerumani mwaka 2016, na lugha ambayo seva zake zinaongea, ActivityPub, ilipitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuwa kiwango mwaka 2018. Seva moja ikifungwa, nyingine zinaendelea.

Na ule ujumbe wa sci.astro usishangae kuukuta. Hata Linux yenyewe Linus Torvalds aliitangaza kwenye Usenet, kundi la comp.os.minix, Agosti 25, 1991, na barua ile inasomeka mpaka leo. Google waliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet Februari 2024, ila ya zamani yanatafutika.

Mwana_Mwaloni (mleta mada)

Shikamoo mzee. Hapo kwenye vikombe umenigusa.

Binti_Igoma

Naandika hapa kwa mara ya kwanza, na nimefikiria sana kabla.

Nilikuwa na akaunti yenye jina langu na picha yangu. Nikiuliza swali la lugha ya JavaScript, majibu matatu yanakuja hadharani na kumi na moja yanakuja inboksi, na katika hayo kumi na moja hakuna lenye JavaScript. Mmoja alinitafutia namba ya simu, sijui aliipata wapi, akanipigia saa sita usiku nikiwa na mtoto amelala. Mwingine alikuwa ananijibu vizuri kabisa kwa mwezi mzima, ananifundisha kwa uvumilivu, nikamwona kama kaka. Siku nilipomwambia nimeolewa akafuta majibu yake yote. Alifuta hata yale ambayo watu wengine walikuwa wanayategemea.

Nilifuta akaunti. Nikafungua nyingine GitHub yenye jina la herufi tatu, picha ya ua. Tangu hapo wananiita kaka, na wananijibu programu tupu. Nimechangia marekebisho kwenye miradi minne, na mmoja unatumika na watu wengi tu. Nikikaa nalifurahia, na nikikaa tena linaniuma, maana kazi ni yangu na jina si langu.

Mkisema mtu kaikimbia mitandao kwa sababu ya bando au kwa sababu ya viboksi, sawa, nawaelewa. Mimi nilikimbia watu. Ndugu zangu wanaume mliomo humu, naomba mnisome tu, msianze na "si wote".

Mzee_Makongoro

Mwanangu, pole sana. Nimekusoma.

Pasiansi77

Pole dada. Nimekusoma.

Mtu_wa_Rufiji

Pole dada, na hilo la kufuta majibu ni unyama.

Mimi nitasema tofauti na wengi hapa. Mitandao mikubwa ilinisaidia. Nilikuwa nauza vifaa vya simu Mtaa wa Rufiji, naandika programu usiku kama mleta mada. Nilikuwa naweka kila nilichokitengeneza Twitter, hata kiwe kidogo. Mtu wa Nairobi akaona, akanipa kazi ya mwezi mmoja, ikawa miwili, leo ni mwaka wa nne. Kama ningekuwa IRC na wazee (kwa heshima zote mzee wangu), nani angeniona? LinkedIn watu wanaisema vibaya, na kweli kuna kelele nyingi, lakini anayetafuta mtu wa kumpa kazi hapiti sci.astro.

Ila lazima niseme ukweli wote. Sasa hivi hata mimi nimebaki nusu. Twitter walipotangaza Februari 2023 kwamba mlango wa bure wa roboti, yaani programu zinazoposti zenyewe, unafungwa, roboti langu dogo lililokuwa linatangaza meli za Bukoba likaishia hapo. Mwaka huo huo mtandao wa mijadala wa Reddit nao wakapandisha bei ya mlango kama huo, na Christian Selig, aliyetengeneza Apollo, programu ambayo watu walikuwa wanaipenda kuliko ya Reddit wenyewe, alipopiga hesabu akakuta atatakiwa kulipa kama dola milioni 20 kwa mwaka. Akaifunga Juni 30, 2023. Sisi wa mapenzi ndio wa kwanza kuumia bei zikipanda, kwa sababu hatuna pa kuipeleka hiyo bei.

Halafu Mei 2025 X, ndiyo hiyo hiyo Twitter, ikafungwa hapa nchini. Kutumia VPN, njia ya kuuzunguka mfungo huo, kuna masharti yake, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka watumiaji wajisajili tangu Oktoba 2023. Sasa mimi mtu wa Rufiji, ushuhuda wangu wote wa kazi, miaka sita ya posti, uko mahali ambapo jirani yangu hawezi kupafungua. Wateja wa nje wanauona. Mdogo wangu ninayemfundisha hauoni.

Mwana_Mwaloni (mleta mada)

Kaka, nimefurahi umesema, na sikupingi. Wewe ulikuwa unatafuta kuonekana, na ulionekana; hilo ni jambo jema na limelisha familia. Mimi nilikuwa natafuta namba za mwezi. Pengine kosa ni kwamba tunaipa mitandao yote jina moja, wakati kuna ya kuonekana, kuna ya kuulizia, na kuna ya kuhifadhi, na kila mtu anajibu swali la mwenzake kwa mtandao wake.

Lakini hilo la mdogo wako ndilo linaloninyima usingizi. Hebu hesabuni ni majibu mangapi mazuri ya Kiswahili yameshatolewa kwenye magrupu ya WhatsApp nchi hii. Namna ya kuunganisha malipo ya simu, namna ya kufanya programu ikae kwenye simu ya RAM ndogo. Yameandikwa, na mengine mara mia, na hakuna hata moja ambalo Kijana_Malimbe akitafuta Google atalikuta. Discord ni hivyo hivyo, Google haioni ndani. Anayejifunza leo anaanza sifuri, anaona Kiswahili hakina kitu, anarudi Kiingereza.

Mwalimu_wa_Nansio

Habari za usiku wote. Nafundisha hisabati huku Ukerewe, naprogramu kwa kujifurahisha na kwa ajili ya ratiba za shule. Nimechelewa kuuona uzi, mtandao huku una siku zake.

Kwanza, nipo Telegram, na sababu ni za kimwili kabisa: mazungumzo hayakai kwenye simu yangu, yanakaa kwao, nikibadilisha simu nayakuta, na anayeingia kundini leo anaweza kusoma ya mwaka juzi endapo mwenye kundi kaacha historia wazi. Mleta mada angekuwa huko, ile sauti ingemsubiri. Haimaanishi ni salama. Kumbukumbu yako inakaa kwa mtu usiyemjua, na makundi hayo hayana usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kama ule wa WhatsApp. Nachagua nikijua.

Pili, mkumbuke Jumapili ile ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom kwa pamoja. Huku tulikaa kama tumefungiwa mlango. Mitandao yote mnayobishania ilikuwa sawasawa: hakuna. Mimi niliendelea kufanya kazi, na jambo hili vijana wengi hawalijui. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, si GitHub. Git aliiandika Torvalds mwaka 2005, na kila nakala yake ina historia nzima ya mradi, kuanzia mstari wa kwanza. Haihitaji intaneti hata chembe. Na kuna amri inaitwa git bundle. Inafunga mradi wote na historia yake kuwa faili moja. Nililiweka kwenye flashi, nikampa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anavuka na meli kwenda Mwanza, akampa mtu tunayeshirikiana naye Buzuruga. Siku ya nne ikarudi na marekebisho, nikayaunganisha kana kwamba yalipita kwenye waya. Mtandao wetu wa kijamii wiki ile ulikuwa meli ya Nansio.

Tatu, naomba nimrudie mleta mada kwenye mwezi, maana nimekaa na wavuvi. Ndugu yangu, tarehe zako zinaweza kuwa sahihi na kalenda ikawa haijakaa sawa. Wavuvi huku hawasubiri giza kamili. Mwezi ukishapita mpevu unachelewa kuchomoza, wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya tano baada ya mpevu, jioni ina karibu saa nne za giza kabla mwezi haujatoka, na mitumbwi inaingia ziwani saa hizo hizo. Upande wa pili, mwezi ukiwa mchanga unazama mapema, giza linakuja baadaye usiku. Kwa hiyo mama mdogo hahitaji tarehe tu, anahitaji saa za giza za kila usiku, na ni za mwanzo wa usiku au za mwisho.

Mwana_Mwaloni (mleta mada)

Mwalimu, wabeja sana. Nimesoma mara tatu. Mama mdogo aliniambia kitu kama hicho mwezi wa kwanza kabisa, kwamba "mbona dagaa wameanza na kalenda yako inasema bado", nikadhani ni hesabu zangu zinakosea siku, nikakimbilia kwenye Greenwich. Kumbe alikuwa ananiambia jambo lingine.

Nakaa nalo usiku huu.

Binti_Igoma

Mleta mada, niwekee kiungo cha Codeberg. Sehemu ya kuonyesha kwenye simu naweza kuishika mimi. Mstari mmoja kwa kila usiku, mweusi pale penye giza na mweupe pale mwezi ukiwa juu, mama mdogo hatahitaji kusoma namba. Na nitaiweka kwa jina langu.

Mwana_Mwaloni (mleta mada)

Kiungo nimekiweka kwenye wasifu wangu, dada. Karibu sana.

Mtu_wa_Rufiji

Nami nimeanza kuhamisha. Posti zangu zenye maelezo ya kiufundi nazinakili moja moja, naziweka kwenye ukurasa wangu wa kawaida, kwa Kiswahili, zikiwa maandishi na si picha za skrini. Nimefika 2021. Mdogo wangu ndiye anayesoma kwanza na kuniambia asipoelewa.

Kijana_Malimbe

Naombeni niulize. Nimeandika na kufuta mara nyingi.

Nimetengeneza programu ya kikundi cha kuweka akiba cha mama yangu. Wanachama 43. Majina yako kwenye faili, programu inayasoma moja moja na kuyaingiza kwenye hifadhidata ya SQLite. Inaingiza 16, ikifika wa 17 inagoma na kusema kuna kosa la sintaksia. Nikimwondoa huyo wa 17 inaendelea mpaka wa 25, inagoma tena. Wa 17 anaitwa Ng'wandu. Wa 25 ni Ng'washi. Nimewaandika bila ile alama, ikakubali, lakini mama akasema hayo si majina yao.

Binti_Igoma

Mdogo wangu, umeuliza vizuri, na mama yako yuko sahihi. Kosa haliko kwenye majina.

Bila shaka unaunganisha sentensi ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, kwa alama ya kujumlisha, unachomeka jina katikati ya mikato miwili ya juu. SQLite ikikutana na mkato wa ng' inadhani jina limeishia hapo, na "wandu" inaonekana kama amri isiyojulikana. Usiunganishe. Mahali pa jina weka alama ya kuuliza, halafu jina lenyewe ulipeleke pembeni, kwenye mabano, kama kitu cha pili unachoipa amri ya execute. Kama ni jina peke yake usisahau koma baada yake ndani ya mabano, Python ni mkali hapo. Maktaba yenyewe italipokea jina lilivyo, liwe na mkato au lisiwe nao. Na usiache kufanya hivyo hata kwa majina yasiyo na mkato, maana mlango huo huo ndio mtu mwenye nia mbaya anautumia kuchomeka amri zake na kufuta akiba ya kina mama.

Angalia mstari unaoanza na execute, kisha rudi utuambie.

Kijana_Malimbe

Ulikuwa mstari wa 31, dada. Koma niliisahau kweli, nikarudi kusoma tena. Yameingia yote 43.